Chipu Iliyogeuzwa, na Jina la Amu Iskhar

Mpendwa Shangazi Zuura,

Nakuomba msaada mimi ambaye hata dukani huonyesha kitu kwa kidole ili nisiseme, kwa hiyo ukiona maneno mengi ujue yamenijaa. Nimemaliza shule mwaka huu hapa Bishkek, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kufufua kompyuta kuukuu, zile ambazo watu walijiundia nyumbani enzi za Kisovieti, za kuchomeka kwenye televisheni na kupakia michezo kwa kaseti. Wenzangu wananiita Bibi Kaseti, nami hujibu kimoyomoyo kwamba mashine za bibi huyo zote zinawaka.

Iliyonitia taabuni ni ya baba yangu mwenyewe, Sagyn. Aliiunda akiwa kijana kiwandani, na bodi aliuziwa na rafiki yake wa chanda na pete, Amu Iskhar, Mdungani, yaani Mwislamu wa asili ya Kichina, wa mtaa wa pili, aliyeitoa Tashkent ameificha ndani ya koti. Baba akalehemu kila kitu kwa mkono wake, akawaita wafanyakazi wenzake waje waone, akawasha, na kioo kikatoa mistari mitupu. Akasema ameuziwa bodi mbovu, Amu Iskhar akaapa kwa mkate, kiapo kizito kwetu, kwamba ni nzima, wakatupiana maneno mbele za watu, na tangu hapo, kabla sijazaliwa, hawajasalimiana, hata msibani wanapishana kama hawajuani. Mama akaibandika kompyuta ile jina la sinia, maana alisema angalau sinia hubeba chai.

Nilipomaliza mitihani baba alinikabidhi nijaribu. Nilipoifungua kwanza nilijivuna tu, Shangazi, kwa sababu baba yangu analehemu vizuri ajabu, kila tone limetulia na linang'aa kama shanga, na hata mafundi wa sokoni hawanionyeshi kazi kama ile. Kisha nikaona. Chipu zile za zamani zina kitone kidogo kinachoonyesha mguu wa kwanza uko wapi, lakini baadhi yake zina pia kishimo upande wa pili, kilichoachwa na kalibu tu, kisicho na maana yoyote. Kwenye chipu moja ya kumbukumbu baba alifuata kishimo badala ya kitone, akaiweka kinyumenyume. Bodi ya Amu Iskhar ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Niliitoa chipu hiyo, iliyoungua kwa kugeuzwa, nikaweka nyingine, nikaongeza kumbukumbu, nikaifungia kidude cha memori kadi ili tusihangaike na kaseti, na ilipoandika maneno yake ya kwanza kwenye kioo nililia kwa sauti hata baba akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Akaniuliza ubovu ulikuwa wapi. Nikasema, "Chipu moja, Baba."

Akajipiga paja. "Nilisema mimi. Iskhar aliniuzia takataka, na leo binti yangu amethibitisha."

Sikumsahihisha. Sasa anamwambia kila jirani hivyo hivyo, akinisifu mpaka najiona mrefu kama mti wa mpopla, na papo hapo natamani ardhi inimeze. Mwezi ujao anafanya karamu ya kutimiza miaka sitini, na anataka niiwashe mashine mbele ya wageni wote wakati yeye akisimulia alivyodhulumiwa.

Juzi nilimkuta Amu Iskhar kwenye soko la mitumba. Aliniuliza bila kunitazama, "Eti imewaka?"

"Imewaka, Amu."

"Safi sana. Baba yako ana mkono wa kazi, yule. Mwambie..." Akahamisha mfuko wa vitunguu mkono wa pili. "Basi, usimwambie kitu."

Shangazi, kwetu binti hamkosoi baba mbele za watu, na nikimwambia faraghani nitamnyang'anya furaha aliyoingoja maisha yake yote, tena mimi ndiye niliyempa. Nifanye nini?

Binti wa Fundi, Bishkek

*

Binti wa Fundi,

Kwanza hongera, na uipokee bila kuinamisha kichwa. Wanaume wazima walishindwa na mashine hiyo, wewe umeiamsha na kuizidishia akili. Jivune, ni haki yako.

Sasa nikukaripie. Wanasema kuona haya ni pambo la binti, lakini haya inayomwacha mtu mwingine aitwe mwizi si pambo, ni pazia. Huogopi chuma cha moto kilicho karibu na vidole vyako, unaogopa sentensi moja. Kumbuka pia kwamba baba yako hakusema uongo. Amekosea, na wewe peke yako ndiye ujuaye. Kila siku unayonyamaza unamwacha aape kwa jambo lisilo kweli, na huko si kumheshimu.

Usingoje karamu. Wiki hii, akishakunywa chai na mkiwa wawili tu, mpe ile chipu kuukuu mkononi pamoja na kioo cha kukuzia. Mwonyeshe kitone, mwonyeshe kishimo, kisha nyamaza, maana kwa kunyamaza u hodari. Usiseme "labda", wala usimtafutie mtu wa tatu wa kulaumiwa. Mweleze na jinsi ulivyoiona kazi yake nyingine yote, kwa sababu hiyo nayo ni kweli. Atakasirika. Mwache akasirike. Mtu anayelehemu hivyo anajua kutofautisha kitone na kishimo akivitazama vizuri.

Akitulia, safari ya mtaa wa pili ni yake, si yako. Abebe mkate, abishe hodi mwenyewe, na siku ya karamu Iskhar akae juu, mbali na mlango, mahali pa mgeni wa heshima. Walitukanana mbele za watu, basi wasafishane mbele za watu.

Na akikataa? Hapo usibishane naye, wala usimwaibishe. Ila usiiwashe mashine. Mwambie kwa adabu, "Baba, mikono yangu imeifufua mashine hii, siwezi kuitumia kumshuhudia mtu uongo." Mwandalie wageni nyama, mmiminie baba yako chai, na kioo kibaki cheusi mpaka Iskhar awe ndani ya nyumba.

Wala usimwombe baba yako radhi kwa kuwa umejua.

Shangazi Zuura