Dada, Mpigie Jemutai Kabla ya Jumatatu

Cheptiret,
kupitia Eldoret.
Ijumaa, 14 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Tapsubei,

Chamgei, mama wa theluji! Hujambo huko Minnesota? Magoti yanasemaje kwa hiyo baridi? Unapata mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ama mwanao Kipkorir anakunywesha maziwa ya sanduku kama mtoto wa kambo? Sisi tuko salama kwa kusema tu. Mimi ninakula, ninakohoa, na meno manne bado yananiheshimu. Shamba limelimwa, tunangoja mvua tupande mahindi.

Sasa kaa chini, maana utani naupumzisha kidogo.

Jemutai binti yangu ana uvimbe kwa titi, na vipimo vimesema ni saratani. Ona, nimeliandika hilo neno. Kwa mdomo limenishinda. Unajua kwetu baba hataji titi la binti yake, hata kama binti mwenyewe ni mwalimu wa miaka arobaini na ana watoto wake. Hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi aliyebaki ni wewe, nawe ulienda kubembeleza wajukuu ng'ambo.

Mume wake Felix yuko Juba na lori, kwa hivyo ni mimi nilimsindikiza hospitali mjini. Daktari Waithira, msichana mwenye sauti ya upole, alipotoa picha na kusema "titi la kushoto", nilishika kofia nikatoka. Nilisimama kwa varanda nikisoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua kama Baba Yetu. Jemutai akatoka, akaniuliza, "Baba, umesikia vile amesema?" Nikasema nimesikia.

Nyumbani mke wangu Chebet akataka habari. Mimi, profesa wa darasa la nne, nikamweleza kwa elimu niliyo nayo: ng'ombe akishikwa na ugonjwa wa kiwele, chuchu moja inakufa, unakamua hizo tatu. Watakata, nikasema, na maisha yataendelea. Chebet akalia. Kumbe Jemutai alikuwa jikoni, amesikia yote. Alichukua leso yake akarudi kwake Chepsaita, na tangu hapo anasema Jumatatu haendi kupasuliwa. Afadhali azikwe akiwa kamili.

Jana Maximilla, yule nesi jirani yetu, alinikuta zizini. Jemutai alikuwa amemweleza kila kitu. Huyo mama wa Kakamega hana breki.

"Mzee, huyo binti yako si ng'ombe wa Friziani!"

"Nani amesema ni Friziani? Hata maziwa ya chai hajawahi kunipa bila masharti," nikajaribu kumchekesha.

Hakucheka. "Basi leo utasikia, maana hapa hakuna varanda ya kukimbilia."

Nikasikia, dada, macho yangu yakiwa kwa matope. Uvimbe bado ni mdogo. Daktari anaweza kuutoa pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi libaki, halafu Jemutai apigwe mionzi kwa wiki kadhaa. Hiyo mionzi si ya kuchagua, ndiyo inafagia mabaki. Ama akipenda, titi litolewe lote, ajengewe lingine kwa nyama ya mgongo wake mwenyewe. Hata sikujua binadamu anaweza kujengwa upya hivyo, kama jiko. Kwa uvimbe wa aina yake, Maximilla anasema, njia hizo mbili zinampa nafasi sawa ya kuishi. Inayoua ni ile ya tatu, ya kukaa nyumbani.

Na Jemutai alikuwa amekwisha chagua ile ya kwanza! Alitoka kwa daktari akiwa na moyo. Halafu akasikia baba yake akimlinganisha na ng'ombe aliyepungua, akaona hata sisi tumekwisha kumwondolea thamani.

Ninaogopa, Tapsubei. Ninakamua nikisahau kuweka ndoo. Huu ugonjwa haujui mila, wala hautangoja nimalize haya zangu.

Maximilla atapiga picha barua hii akutumie leo kwa simu. Mpigie Jemutai. Mwambie baba yake alikuwa varanda na hakusikia hata neno moja, aliongea tu kwa sababu mdomo wake haujui kufungwa. Mwambie hapa hakuna anayemhesabu nusu. Achague njia ya kwanza ama ya pili, atakavyo, lakini aende.

Asiposhika simu, nijulishe kesho. Jumapili nikitoka kanisani nitaenda Chepsaita, niketi mbele yake, nilitaje hilo titi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeanza mazoezi kule shambani, na mara mbili sauti imekatika. Wazee wakinitoza kondoo kwa kuvunja mila, nitawaongezea na mbuzi.

Nisalimie Kipkorir na mke wake, na hao wajukuu wanaosalimia watu kwa kupunga mkono kama polisi wa barabarani. Chebet anakusalimu, mimi bado hanisalimu. Mungu akushike mkono kwa hiyo barafu usianguke, na akiwa na mkono mwingine, amshike Jemutai mpaka mlango wa hospitali. Nami safari hii nitaingia ndani.

Ni mimi, nikupendaye hata ukinuna,
Ndugu yako mdogo,
Kipkirui