Daktari Aliyeninyang'anya Omuse

Angurai,
Kupitia Malaba.
12 Mei 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ojakol,

Pokea salamu za kaka yako mwenye meno machache na maneno mengi. Mgongo unalalamika, mdomo mzima. Wewe huko Mombasa u hali gani? Nataka jibu la kweli, si lile la kwenye simu.

Nina wivu, ndugu yangu. Binamu yetu Omuse amepata mtu mwingine.

Unajua hakuwahi kukosa chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi. Baada ya mavuno akaacha. Mrija wake ukabaki ukutani mpaka buibui akahamia. Chakula hataki, usingizi hapati, redio amezima. Nikamtania kwamba amepata mchumba ng'ambo, Uganda. Hakucheka. Wiki zikapita hivyo. Halafu jioni moja tukifunga mbuzi akaniambia, "Mtapumua nikiondoka." Utani ukaniisha mdomoni. Nikampakia kwenye boda boda, nikamshika kwa nyuma kama mwizi, hadi hospitali.

Daktari wa mambo ya akili ni binti anaitwa Nabwire, viatu vyangu vimemzidi umri. Akampa vidonge, akamwambia arudi kila Alhamisi waongee. Mimi nikaonyeshwa benchi la nje. Tangu ujana nakunywa naye chungu kimoja, na habari za kifo cha mkewe hajawahi kunifungulia. Huyu mtoto ameambiwa zote. Sasa Alhamisi ikifika mzee ananyoa ndevu na kujipaka mafuta, nami nanuna kama bibi wa kwanza. Lakini anakula. Juzi alinitukana vizuri kabisa.

Nilimuuliza Nabwire ana nini ambacho mimi sina. Akasema, "Mzee, wewe anaogopa kukuumiza. Mimi haniogopi."

Sasa wewe. Mkeo Amuge amenipigia. Huendi kazini, na umemwambia watoto watakuwa afadhali bila wewe. Ni maneno ya Omuse yale yale. Usiniambie ni uchovu, na usingoje nije kukuchekesha. Mzaha wangu hautoshi hapa. Amuge akupeleke hospitali leo hii unaposoma barua hii, na usikae peke yako. Mwambie daktari wa huko, huyo mgeni, yote uliyonificha. Nitanuna kwa ajili ya wawili. Naweza. Kukuzika siwezi.

Msalimu Amuge na watoto. Dada Truphena anakuombea, Omuse pia. Mungu akae karibu nawe hata siku ambazo hutaki kuongea naye.

Wako akupendaye kwa wivu,
Kaka Osukuku