Juu Haiko Samaki

Ijumaa. Agosti imetandaza vumbi lake juu ya kila kitu, ziwa limetulia, na anga haina hata wingu la kusingizia. Vidole vyangu vimechunwa na kamba. Nina furaha isiyo na adabu.

Nianze na hofu, maana ndiyo iliyonitoa kitandani. Kesho ziwa linafungwa. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili sambaza, dagaa wa hapa kwetu, wazaliane, wavuvi wanarekebisha nyavu na kugombana na wake zao. Ila safari hii ziwa likifunguliwa, Papa, baba yangu, hatakuwepo. Magoti yake yamegoma. Jumapili anahamia Kanama kwa kaka yangu, kwenye viazi na maharage, kwa hiyo asubuhi ya leo ilikuwa ya mwisho kwake majini.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Mi nimezeekea mu ile mitumbwi, na sijaionaka hata siku moja. Ndege tu ndio wanaionaka."

Ni kweli. Timu yao, ekipe kama wanavyoiita wenyewe, ni mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba, na miti mirefu ya mikaratusi imechomoza mbele na nyuma ili kubeba wavu. Ukiwa ndani unaona mgongo wa mwenzako na ndoo ya kutolea maji. Ukiwa ufukweni unaona upande mmoja. Kuiona yote kwa pamoja, lazima uwe juu.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio Mbugangari yenye ukubwa wa kabati, napiga picha za vitambulisho na za watoto wanaolia siku ya ubatizo. Drone sina, na leseni ya kuirusha sina. Nikakumbuka nilichowahi kusoma kwenye mtandao kuhusu yule Mfaransa wa zamani, wa kwanza kupiga picha ya dunia akiwa ndani ya puto. Nimempenda huyo mtu kuliko inavyofaa kumpenda marehemu.

Alipanda mara nyingi, na kila alipoteremka vioo vyake vya picha vilikuwa vyeusi tupu. Alibadilisha dawa, akasafisha vyombo, weusi uleule. Kumbe gesi ya puto lake ndiyo iliyokuwa inavuja na kuharibu dawa. Kilichompandisha ndicho kilichomharibia. Na siku alipofanikiwa, inasemekana puto lilikosa nguvu, akapunguza uzito hadi kuvua nguo zake mwenyewe.

Mimi nilivua simu kava. Kila mtu na kipimo chake.

Simu ni ile yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Niliipanga ipige picha yenyewe kila baada ya sekunde chache, nikaining'iniza kwenye vijiti viwili vya msalaba. Maputo nilipata kwa rafiki yangu Espérance, mpambaji wa harusi, ambaye huagiza gesi yake kutoka Kigali. Tunaishi kando ya ziwa lililojaa gesi chini, na mimi naisubiri ije na basi. Alikuwa amebakiwa na makubwa mawili tu, ya rangi ya waridi, yameandikwa Félicitations, yaani hongera.

Kwa kuwa tuko mpakani, nilipita kwanza kwa viongozi na kwa wanajeshi wa ziwani kuwaeleza. Walinisikiliza kwa heshima, wakaruhusu. Mmoja akaniambia, "Kamba ikikatika, puto ikaenda Goma, usikuje kulia hapa."

Jumatatu nilijaribu ufukweni. Simu ilizunguka kama kichaa. Nilipata jua, mabati, nusu ya mlima, na paji la uso wangu kwa wingi. Nikaongeza vijiti na kamba za pembeni.

Alhamisi nilijaribu na timu nzima. Wanavua usiku, na wanapomaliza kushusha samaki asubuhi huwa wamechoka, macho mekundu, lakini walikubali kutoka tena kidogo kwa ajili ya Papa. Nilikaa nyuma kwenye mtumbwi wa katikati na jaketi langu la kuelea, maana mtoto huyu wa mvuvi hajui kuogelea. Nikaachia kamba taratibu. Simu ilitulia, picha zikatoka safi kabisa.

Na katika kila picha, wanaume wote wameangalia juu, midomo wazi, makasia yananing'inia. Mitumbwi imekaa upande. Félicitations.

Papa aliziangalia zote bila kuharakisha. "Bon. Iyi haiko ekipe," akasema. "Iyi ni watu wanangoja mvula."

Usiku ule nilimfikiria Mfaransa wangu. Kwake ni gesi, kwangu ni rangi ya waridi. Puto lilelile lililoniinulia jicho ndilo lililonivurugia watu. Na siku iliyokuwa imebaki ni leo tu. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na jambo nisilotaka kuliandika: sitaki aende Kanama. Haya, nimeliandika.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka, Papa aliwasimamisha wenzake. "Muangalie maji. Mwenye ataangalia juu, leo hakuli sambaza." Kisha akaingia mbele, kwenye nafasi yake ya mwimbishaji, kwa sababu ni yeye anayeimba ili makasia yashuke pamoja. Alipoona maputo yanapanda na shingo zinaanza kuwasha, akatunga wimbo palepale.

"Vuta, vuta, juu haiko samaki."

Na wao wakajibu kwa sauti moja kwamba samaki iko chini. Walicheka, lakini waliinama. Kicheko chenyewe kiliingia kwenye mwendo wa makasia. Mitumbwi mitatu ikanyooka, miti ikawa inapinda na kurudi, na mimi nikashika kamba kwa mikono miwili nikilia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu ukiwa na kamasi na huna mkono wa kufuta.

Upepo ulipoanza kugeuka, nikavuta kamba, nikashusha kila kitu, na hakuna kilichoenda Goma.

Picha nilimwonyesha Papa palepale kwenye mchanga. Ya kwanza haina kasoro. Migongo yote imeinama, makasia yote yamegusa maji, miti imetanuka mbele na nyuma, na wavu umekaa katikati kama kitambaa cha meza. Timu nzima, jinsi ndege wanavyoiona.

Alifuta mikono kwenye suruali, akaishika simu vizuri, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kumbe tuko hivi," akasema. "Kumbe tuko wazuri."

Kisha kidole chake kikateleza, ikaja picha ya pili. Ni ileile, migongo ileile, isipokuwa mtu mmoja mbele kabisa ameinua uso kuelekea juu, meno yote nje, na mkono mmoja umeacha kasia.

"Huyu muzee mwenye kuharibu kazi ni nani?" akauliza.

Wenzake wakaja kuangalia. Walimcheka hadi wengine wakakaa chini. Walitaka anyimwe sambaza hapohapo. Papa alijitetea kwa uso mkavu kwamba alikuwa anaangalia kama mvula inakuja. Mwezi wa nane. Hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Mchana alinifuata studio, kitu ambacho huwa hafanyi, kwa sababu ya ngazi. Nilikuwa nimefungua picha ya kwanza kwenye kompyuta, ile safi, tayari kuichapisha kubwa. Akakaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya kitambaa cheupe, kana kwamba anataka picha ya pasipoti.

"Mama," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Weka ile ingine. Yenye muzee."

Nikamwambia hiyo ina kasoro, na ni yeye mwenyewe aliyeitia.

"Sikukuwa naangalia mvula. Nilikuwa nasalimia mutu."

"Nani, Papa?"

"Ule mwenye ataangaliaka iyi picha kule Kanama. Atakuwa mu viazi, peke yake, na mawazo mingi. Nikamupungia mukono."

Akainuka, akashika ukuta, akashuka ngazi polepole. Mimi nikabaki na mashine inayonguruma, na sikuweza kuona kioo vizuri kwa muda.

Picha ya kwanza ya Mfaransa wangu, wanasema, ilipotea, hakuna aliye nayo leo. Hii yetu, yenye mzee, nimeichapisha nakala kibao. Moja imebandikwa studio, moja nimempa Espérance, kila mtu wa timu ana yake. Ile kubwa iko kwenye fremu, imefungwa kwenye kitenge, inasubiri Jumapili.

Nitaibeba mwenyewe kwenye mapaja yangu hadi Kanama. Nitaitundika mkabala na kiti atakachokalia kunywa chai. Nikishamaliza kupiga msumari, kabla sijageuka kumwangalia Papa wa kwenye kiti, nitampungia mkono yule wa ukutani. Ni adabu tu. Yeye ndiye aliyeanza kusalimia.