Mpiga Besi Huwekwa Mwisho

Jumatatu, 3 Juni

Ratiba ya mitihani ya jukwaani imebandikwa. Wanafunzi kumi wa jazi, wiki mbili, ukumbi mdogo wa juu. Nimetafuta jina langu. Nimelikuta mara tisa kwenye safu ya wasindikizaji. Mara tisa! Kwenye safu ya watahiniwa lipo mara moja tu, mstari wa chini kabisa — Ijumaa ya tarehe 14, saa nne asubuhi.

Nimemuuliza karani wa idara kwa nini mimi ndiye wa mwisho. Akasema hakuna ubaya, ni kwamba mpiga besi ni mmoja tu chuo kizima. Nikitangulia, halafu nikapakia mizigo nikaenda zangu, nani atawapigia wengine? Alisema kwa upole, huku anabana karatasi kwa pini. Nikaitikia. Mimi huitikia tu.

Chiriku, mwenzangu wa chumba, ni wa tisa. Anaimba. Ameshachagua nguo. Ameniuliza mara nne kama inamkaa vizuri, na mara zote nne amejijibu mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Tarumbeta asubuhi, gitaa mchana. Nyimbo nane. Lengelenge la kidole cha shahada limepasuka katikati ya wimbo wa tatu, nikamalizia kwa kidole cha kati. Hakuna aliyejua.

Lifti bado mbovu. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema inashughulikiwa — tangu niko mwaka wa kwanza. Nimepandisha besi mgongoni, fidla kubwa kunizidi kimo, ndani ya mfuko wake, ngazi sitini na sita. Mwanafunzi mmoja wa sheria akaniuliza kama humo ndani mna maiti. Nikamwambia bado.

Mpiga tarumbeta kanikumbatia kwa nguvu. Wewe ni nguzo yetu, anasema. Ndilo jina lenyewe siku hizi, Nguzo. Hata mlinzi wa getini ananiita hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amekuja! Katoka zamu ya usiku wodi ya wazazi, moja kwa moja hadi ukumbini, na viatu vyake vyeupe vya kazini. Leo ilikuwa zamu ya saksafoni. Mama akasinzia wimbo wa pili, akazinduka, akawa wa kwanza kupiga makofi.

Nje nikamuuliza umeonaje. Akasema, “Mwanangu, nilikuona vizuri kabisa. Ila sikukusikia.”

Nikamweleza kwamba ndivyo besi ilivyo. Iko chini ya kila kitu. Ikinyamaza ndipo watu hugeuka kuangalia kimetokea nini. Akafikiri kidogo, akasema basi siku yangu ninyamaze kidogo ili tujuane. Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka mno, na nimejuta. Amepoteza usingizi wake kwa ajili yangu.

Kisha akauliza, wewe utapiga na nani?

Nikasema watu wapo.

Watu gani?

Wapo, Mama.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna mtihani leo, mazoezi tu. Saa kumi mpaka saa moja nimekuwa na wengine, na baada ya hapo wengine tena. Nyimbo zangu mwenyewe sijazigusa tangu Jumatano ya wiki iliyopita.

Mwalimu wangu wa besi kaniuliza fomu ya mtihani wangu. Nimeitoa begini, imekunjamana, nafasi ya majina tupu. Inataka msindikizaji angalau mmoja. Alama arobaini katika mia ni za kupiga pamoja na wenzako. Ukipanda peke yako zote arobaini zinakwenda na maji, unabaki na sitini, na kupita ni hamsini. Mimi hamsini katika sitini! Sijawahi hata kuikaribia. Nikianguka narudia mwaka mzima.

“Umewaomba?” akauliza mwalimu.

Nikasema nitawaomba.

Akasema kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kinyozi mwenye akili ana rafiki kinyozi. Mzee huyu akisema sentensi moja kwa wiki, ujue amekuhurumia.

Ukweli ni huu. Nilingoja waje wenyewe. Miaka mitatu nawapigia, kuna wa kukumbushwa? Nyumbani tulikuwa watoto sita, na aliyeomba kitu aliitwa msumbufu. Mimi nilikuwa mtoto mzuri. Sikuomba hata kalamu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemvizia mpiga piano kwenye korido. Yeye alimaliza mtihani wake Ijumaa, na ndiye bora tuliye naye. Sentensi nilikuwa nimeipanga tangu kitandani. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru, akaniaga — dada yake anaolewa, anaondoka leo leo. Akaniambia nisitie shaka juu ya Ijumaa, sote tunajua Nguzo hawezi kukosa watu. Si umeshapata kundi lako?

Nikasema ndiyo, nimeshapata.

Ndiyo! Mimi na mdomo wangu huu.

Jumatano, 12 Juni

Mtihani wa Mzee wa Dakika Tano, mpiga dramu wetu. Kachelewa hata mtihani wake mwenyewe. Lakini alipoanza, basi — huwezi kumchukia mtu anayepiga hivyo.

Tukiwa tunafungua vyuma vya dramu nikajikaza. Ijumaa utakuwepo? Akacheka. Ijumaa ipi? Kesho alfajiri yuko njiani. Kwani vipi?

Nauliza tu, nikasema.

Niko hoi bin taabani. Vidole vitatu vina plasta. Chakula nimekula nimesimama. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini hawa hata hawajanipiga teke. Wananipenda, wananikumbatia, wananibebea kiti. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wangenipiga, ningejua pa kuelekeza hasira.

Alhamisi, 13 Juni

Chiriku. Mtihani wa tisa.

Wimbo wake wa mwisho ulikuwa sauti na besi peke yake. Piano ilipigwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwaya, wanaruhusu hivyo kwa waimbaji tu, na kwenye wimbo huo akaondoa mikono. Dramu hazikuwepo, mwenyewe kesha­ondoka. Chiriku akafumba macho. Mzunguko wa pili alichelewesha kila neno, makusudi kabisa, na mimi nikamngoja. Nikapiga noti chache kuliko zote nilizopiga wiki hizi mbili. Mtahini wa nje akaweka kalamu chini. Kwa dakika nne hivi sikuchoka.

Kisha ikaisha, nikachoka tena.

Hosteli imekuwa tupu, magodoro yamekunjwa, milango iko wazi. Karani amenipa mpaka kesho kabla ya saa nne kurudisha fomu. Chiriku ana basi la saa tatu asubuhi. Baba yake ameshawaambia shangazi zake wote wamsubiri. Amenisimulia habari za shangazi mmoja mmoja huku anakunja nguo. Nikasikiliza.

Ijumaa, 14 Juni

Saa mbili na dakika ishirini. Naandika haraka.

Chiriku alikuwa amekalia begi ili zipu ifunge. Akauliza, bila hata kunitazama, kundi lako nani na nani, mbona hujaniambia? Nikafungua mdomo niseme wapo. Ikatoka: hakuna. Hakuna mtu.

Halafu yakatoka yote, tena vibaya. Nilipiga kelele! Nikamwonyesha vidole. Nikamtajia mitihani yote tisa kwa mpangilio, nikamtajia sherehe ya binamu yake niliyobebea besi kwenye mvua. Nikasema ninyi mnakula, mnanawa, mnaondoka. Nikasema baki. Nikasema tafadhali, kwa hasira — sikujua kama tafadhali inaweza kusemwa hivyo. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Chiriku kainuka kutoka kwenye begi. Kisha naye akawaka.

“Miaka mitatu nalala hatua mbili kutoka kwako, hujawahi kuniomba hata chumvi! Ulitaka nijue vipi? Mimi mganga?”

Hana kosa. Nami sina kosa. Sijui.

Akachukua simu akatoka nje ya mlango. Begi lake liko katikati ya chumba, zipu nusu. Nimetoa fomu nikaandika jina lake, kwa penseli.

Namsikia. Shikamoo Baba. Kimya. Hapana, sijapanda basi. Kimya tena, kirefu — baba yake si mtu wa kubishiwa, hilo najua, nimemsikia kwenye simu hiyo hiyo tangu mwaka wa kwanza. Leo Chiriku hapayuki, haelezi, hataji shangazi yeyote. Amesema, Baba, naomba.

Sasa anasikiliza jibu.