Kora ya Mama Diane

Muhima, Kigali

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza goti: umeanza kuinama, au bado unaswali kwenye kiti? Na Mama, kifua kimemwachia? Mimi ni mzima, na cherehani yangu nzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu unasema inakula maneno, na neno la leo sitaki liliwe hata herufi.

Baba, nimemuumiza mtu, na nimemuumiza kwa Kiswahili ulichonifundisha wewe.

Huku mafundi tuna kundi letu kwenye simu. Anayeshonea kwenye duka lenye milango ya vioo na anayeshonea barazani, wote humo wanaitwa fundi tu. Hakuna bosi wala mheshimiwa. Ukikwama unauliza, anayejua anajibu. Mimi wakanifanya admini kwa kuwa natoka Tanga, eti ndiye mwenye lugha. Basi kichwa kikavimba! Nikawa nasahihisha watu kama wewe ulivyokuwa darasani, huyu kaandika "narara", yule "nguo iko mingi". Huku l na r zinaingiliana midomoni, na hilo nilikuwa nalijua vizuri.

Siku moja Mama Diane, mshonaji wa Gahanga, mtu mzima makamo ya Mama, akaandika: "Fundi, kora inanishinda, inapinda kwa ncha. Munisaidie." Alikuwa na mashati ya kwaya ya kanisani kwao. Nikamjibu: "Kora kwa Kinyarwanda ni fanya kazi. Haya, kafanye kazi, kola utaletewa." Watu wakacheka mpaka basi. Ncha za kola hakuna aliyemwelekeza, hata mimi ninayezijua. Tangu hapo hakuandika tena.

Wiki kadhaa baadaye Diane, binti yake, akaingia kwangu kununua vifungo. Nikamuuliza, mbona mama yako kimya? Akaniangalia. "Mama hakusoma shule. Miye ndiye nilimufundisha kuandika mu simu. Ile uliceka ndiyo ya kwanza aliandika yeye mwenyewe. Sasa simu hataki kuishika."

Ee Baba! Nilimhesabia vifungo, hesabu ikanipotea. Miaka yote umesahihisha watoto wa watu, sikumbuki ukimcheka hata mmoja. Mimi nilibeba kalamu yako nyekundu, adabu yako nikaiacha nyumbani.

Jumapili nikaenda Gahanga kumwomba radhi. Akanipa chai, akasema, "Si kitu, fundi," lakini hakunitazama usoni. Nikamwonyesha kupunguza mshono kwenye ncha kabla ya kugeuza kola, akashukuru. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nikajiona mjinga. Nimemdhalilisha mbele ya mafundi wote, halafu nakuja kuomba radhi jikoni kwake, pasipo mtu.

Basi juzi nikajiondoa uadmini, nikamwomba radhi kwenye kundi, kwa ujumbe wa sauti, tena kwa Kinyarwanda. Miaka mitatu nipo hapa, lugha yao hainikai mdomoni. Sijui nilisema nini, lakini walicheka, Baba, walicheka! Mmoja akaniambia nirudi chekechea. Niliumia kweli. Siku mbili wanairudia sauti yangu, na Mama Diane kimya. Nimeanza kuamini kwamba hataandika tena maishani, na sababu ni mimi.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua asiiache njiani. Msalimie shangazi wa vitumbua, na mdogo wangu anayejiandaa na mtihani, mwambie namwombea. Na yule mwalimu mwenzako wa jirani, msameheane kuhusu ule uzio, nyie ni watu wazima.

Ngoja, Baba, simu imelia.

Ni yeye. Kwanza imeonyesha anaandika, ikakaa, ikapotea, ikaonyesha tena. Nimeweka kalamu chini nikasubiri. Nakunakilia kama ilivyo:

"Muache kumuceka. Iko anajifunza."

Nalia, Baba.

Mwanao,
Athumani