Ufunguo Uliochorwa Nyuma

Kwako dada mkubwa,

Shikamoo, na uitikie kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni. Wakikukuta unaongea na karatasi waambie ni Kitasa. Hujambo wewe? Shemeji na mgongo wake, Mama na ugomvi wake na redio? Binti yako bado anasoma huku miguu kaiweka ukutani? Mwambie mjomba anamsalimu, na kwamba damu ikishashuka yote kichwani atakuwa na akili kutuzidi ukoo mzima.

Kwa kawaida hapa ndipo huwa naandika kwamba na mimi ni mzima wa afya. Leo nimeyaandika hayo maneno mara mbili nikayafuta mara mbili, ndiyo maana unaona karatasi imetoboka. Kudanganya kwa maandishi sijazoea, mimi huwa nakudanganya kwenye simu. Ndiyo sababu sikupiga. Ningepiga ningekuchekesha, tungekata, na usingejua kitu.

Dada, nina kansa ya titi. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Mimi mwenyewe nilicheka, nikamuuliza daktari kama hajachanganya faili langu na la yule mama tuliyekaa naye benchi moja. Akasema hapana, wanaume nao wana nyama ya titi, kidogo tu, lakini inatosha. Nimeshafanyiwa upasuaji, huu mwezi wa tatu. Kifua upande wa kushoto ni bapa kama meza, na mshono umekaa kama zipu. Nakula, natembea, kibanda cha funguo nafungua siku nne kwa wiki. Kwa hiyo usilie kwa ajili yangu. Barua hii ni kwa ajili yako. Nataka uje huku upimwe damu, mapema, usisubiri mpaka uumwe. Soma mpaka mwisho ndipo uamue kama unakuja kunikumbatia au kunichapa makofi.

Sasa nikueleze. Baada ya upasuaji walipeleka ile nyama maabara, na mimi siku moja nikawa nimekaa nje ya mlango wa hiyo maabara nasubiri majibu. Mara ndani purukushani. Ufunguo wa kabati umekatikia kwenye kitasa, na kabati ndilo lenye vile vioo vidogo wanavyobandikia vipande vya nyama za wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Karani anataka aitwe seremala abomoe. Nikasimama na kadi yangu ya mgonjwa mkononi, nikawaambia anayebomoa mlango ni mwizi, fundi anaubembeleza. Unanijua, koleo dogo na waya havitoki mfukoni kwangu hata siku ya harusi. Haikufika dakika sita.

Mkuu wa pale ni mama mmoja mfupi, miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu. Mimi namwita Mama Darubini, na anaitika. Akaniuliza anipe nini. Nikasema nataka kuona tu, maana tangu nianze kuumwa kila mtu anakiona kitu changu isipokuwa mimi. Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, akachomoa kioo kutoka kwenye lile lile kabati nililofungua. Akakiweka chini ya darubini, akanirekebishia kiti.

Dada, sijui nikuelezeje. Nilitegemea kuona mdudu. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa najua kuna kidudu kimeingia, chenye miguu na meno. Nikainama, nikaona rangi, zambarau na waridi, kama kitambaa cha bei mbaya. Upande mmoja vichumba vimepangana kwa adabu, kila kimoja na kijiwe chake katikati, kama vigae vilivyopangwa na fundi mwenye subira. Upande wa pili vurugu. Vikubwa, vidogo, vimesukumana, vijiwe vimevimba, vingine vinajigawa viwili hapo hapo. Nikamuuliza mdudu mwenyewe yuko wapi.

"Hakuna mdudu," akasema. "Huyo ni wewe."

Nilikaa pale mpaka shingo ikauma. Tangu siku hiyo kila nikienda kuchukua dawa napita kwake, na yeye hanichoki. Anasema mimi nauliza kama mtoto anayebomoa saa.

Ngoja nikwambie alivyonielewesha, maana kaongea lugha yangu. Kila kichumba kati ya vile, wao wanaviita seli, na mwilini havihesabiki, kina maagizo ya kukutengeneza wewe mzima, toka kucha mpaka hicho kicheko chako. Maagizo yameandikwa kwa herufi nne tu, dada, nne, na zimejipanga mara bilioni tatu. Mimi wa darasa la nne nimebeba maandishi marefu kuliko maktaba yote na siyajui hata mstari. Kichumba kikigawanyika, yote yananakiliwa upya. Hapo nikamwambia basi mama, hapo umefika kwangu, miaka kumi na saba nanakili funguo na najua unywele mmoja tu ukikosea, mlango unagoma. Akasema ndiyo hivyo, makosa yapo kila siku, kwako, kwangu, sasa hivi tunavyoongea. Ila ndani mna mafundi wanaopita nyuma kukagua, wanakata palipokosewa na kuandika tena. Hawalali, hawalipwi, hawapigi soga. Nilitoka pale nikawa natembea barabarani polepole kama nimebeba mayai. Nawaangalia watu, muuza vocha, trafiki, mama mwenye mzigo, nasema kimoyomoyo, nyie mnajua ndani yenu kuna kazi gani inafanyika?

Sasa mimi, mmoja wa mafundi hao nimezaliwa ana kasoro. Hapo ndipo wewe unapoingia.

Siku nyingine alichukua karatasi akachora ukoo wetu. Wanawake duara, wanaume mraba. Akaanza kuuliza upande wa Mama, nikajibu wote chuma, bibi alikufa kwa uzee na ubishi. Akauliza upande wa baba. Nikamwambia asijisumbue, huo ni ugonjwa wa kike, utapitaje kwa mwanaume. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, na wewe uliyekaa hapa ni nani? Basi nikataja. Shangazi mkubwa, titi. Shangazi mdogo, titi, miaka arobaini na minne. Na yule shangazi yake baba tuliyekuwa tunasikia tu kwamba alikonda. Kila nikitaja anapaka duara wino. Tatu nyeusi, dada, zimejipanga kama vifungo vya koti. Na katikati yake mraba wa baba, mweupe, hana doa. Baba aliyeanguka kutoka paa la watu akafa akiwa na nguvu zake, hakuwahi kuumwa hata jino. Kabeba kitu asichokijua akakikabidhi. Kanipa masikio haya, kanipa mluzi, na hicho nacho kanipa. Walipima damu yangu, wakakikuta.

Kila mtoto wa baba ni kama kurusha sarafu. Mimi imeangukia huku. Wewe hatujui. Kama unacho, na binti yako naye sarafu yake ameshaitupa siku aliyozaliwa, bado tu haijafunuliwa. Mama Darubini kasema niandike wazi kwamba kuwa nacho siyo kuumwa. Ukijua mapema yapo mengi, kuchunguzwa kila mwaka kwa mashine, dawa, hata upasuaji wa kujikinga, na uamuzi ni wako mwenyewe, hakulazimishi mtu. Lakini unapaswa kujua.

Na usidhani mimi nimekaa nasubiri kaburi. Kwanza sikia hii dawa yangu, hutaamini. Vidonge, asubuhi na jioni, vidogo kuliko kifungo cha shati. Fikiria nyumba yenye milango miwili. Kansa yangu, kwa sababu ya ile kasoro, mlango wake wa mbele umeharibika kabisa, makosa yake huyatolea mlango wa nyuma. Kidonge kinaenda kufunga wa nyuma. Basi, imejifungia ndani na uchafu wake, inakufa. Na nyama yangu nzima inayokunywa kidonge hicho hicho bado ina mlango wa mbele, inatoka inaenda zake. Nilimwambia Mama Darubini, aliyegundua hiki ni fundi kitasa mwenzangu, nataka nimshike mkono. Akacheka, akasema ni watu wengi, wa nchi nyingi, waliokaa miaka chumbani wakiangalia vitu ambavyo macho hayavioni, na kwa wengine dawa inashika, kwa wengine haishiki. Kwangu mpaka sasa imeshika. Kidonge kinanipa kichefuchefu na nachoka kama aliyesukuma gari, lakini kila nikikimeza nakipigia saluti.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Sasa kaa chini.

Siku ile ya kuchora ukoo, Mama Darubini aliniuliza kama shangazi mdogo hakupewa barua, maana hospitali yake ilikuwa na kawaida ya kuwaandikia ndugu. Nikacheka nikasema hapana. Nikaenda kibandani, nikafunga mlango, nikamwaga lile kopo la funguo zisizochongwa. Barua ilikuwa chini kabisa.

Unakumbuka wiki ya mwisho ya shangazi, mimi ndiye niliyekuwa nashinda naye. Alinipa bahasha, akasema ni ya watoto wa kaka yake, nikupe mkononi tusome wote. Niliifungua. Niliona maneno marefu ya kidaktari, mengine nayasoma nusu yananikimbia. Nikajiambia ni makaratasi ya hospitali tu. Ningeweza kumpa mtu anisomee. Sikutaka, dada. Mtu akijua Kitasa anashindwa karatasi, atacheka yeye, na mimi nimezoea kuwachekesha mwenyewe. Siku umekuja kuzika nilikuwa nayo mfuko wa nyuma. Ulikuwa umelia mpaka sauti imekauka, nikasema nitampa akitulia.

Nilimpelekea Mama Darubini, akanisomea. Imeandikwa kwamba ugonjwa wa shangazi ni wa kurithi, na kwamba ndugu wa damu, wakiwemo watoto wa kaka yake, wafike kupimwa bila kuchelewa. Tarehe ni ya miaka mitatu iliyopita. Uvimbe wangu niliushika mwaka jana. Hesabu hiyo fanya mwenyewe, mimi nimeshaifanya, na upande wangu sidai kitu. Ni upande wako ndio unaoninyima usingizi.

Hakunigombeza. Aliigeuza karatasi, akaona mchoro nyuma, akaniuliza huu ni ufunguo wa wapi.

Ni wa mlango wako. Siku unaondoka msibani ulitaka nikuchongee wa akiba, sikuwa na chuma cha saizi yake, na basi linaondoka. Nikachomoa karatasi iliyokuwa karibu, nikauweka ufunguo wako juu yake, nikauzungushia kalamu. Nilichonga kwa mchoro huo nikakutumia. Baadaye ule wenyewe ukakupotea, na za shemeji na binti yako zikachongwa kwa mfano wa huo wangu. Kila ukilalamika kwamba lazima uinue mlango kwa goti ndipo ufunguke, mimi nilikuwa nasema kosa ni la bawaba.

Barua ya shangazi nimeiweka humu ndani. Isome upande wenye maandishi kwanza. Mama mwambie wewe, taratibu, redio ikiwa imezimwa. Kliniki ni kila Jumanne, jina lako nimeshaliandikisha, nitakusubiri kituoni tangu basi la kwanza. Usinisamehe kwa simu. Wasalimie wote, na binti yako mbusu kichwani, hapo damu ilipo.

Na ukija, njoo na ufunguo huo. Nitausawazisha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitasa