Sauti Iliyo Safi Mno

Karakana ya Redio,
Mlango wa pili baada ya fundi viatu.
Jumatano, tarehe 11 mwezi wa tatu.

Mpendwa mjukuu wangu, Bi Maswali,

Pokea salamu tele kutoka kwa babu yako, mdogo wake bibi yako. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma, bado anakusumbua au umeshamzoea? Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo lilizaliwa likilalamika.

Utafiti wako ulifika mwezi juzi, nami niliusoma wote, kurasa arobaini na moja, kwa mkao mmoja, bila hata kunywa maji. Fundi viatu ni shahidi.

Haya, tusidanganyane. Nilisoma kurasa sita, na ule wenye mchoro. Nyingine alinisomea huyo huyo fundi viatu, kidogo kidogo, akiwa na misumari mdomoni. Kwa hiyo kama kuna nadharia niliyoielewa vibaya, lawama ni ya misumari. Shule mimi niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha. Hatujakubaliana hadi leo.

Nimeelewa hivi. Wataalamu wa kwanza walisema hadhira ni kama wagonjwa waliopanga foleni: redio inawadunga sindano, na kila mmoja anaondoka na dawa ile ile mwilini. Hao hawakuwahi kukaa kwenye benchi langu. Enzi zile taarifa ya habari ya saa saba mchana ilisikilizwa na watu wanane mbele ya karakana hii, redio moja. Ikiisha, ungeapa walisikiliza redio nane. Mwashi kasikia mvua itanyesha. Mshonaji kasikia kitambaa kimepanda. Bibi yako kasikia matangazo ya vifo tu, na akikosa anayemjua anaondoka amenuna, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Sindano gani hiyo?

Kwa hiyo wale wa mwisho, wanaosema msikilizaji si debe la kujazwa, bali huchagua anachokitaka na kukielewa kwa namna yake, hao wape maksi zote.

Wa katikati ndio niliowacheka. Ati habari haiwafikii watu moja kwa moja. Hupitia kwa mtu mmoja anayeaminika mtaani, akiitikia yeye ndipo wengine wanaamini. Nilicheka hadi fundi viatu nusura ameze msumari.

Sasa nimeacha kucheka.

Unakijua kipimo changu. Miaka arobaini na nane nimepima ukweli kwa sikio. Stesheni kubwa, yenye mitambo na watu wa kuhakiki habari, sauti yake iliingia safi. Ya mtu anayejitangazia kutoka kusikojulikana ilikuja na mikwaruzo, inapotea, inarudi. Watu wakiuliza, "Fundi, hii ya kuaminika?" natega sikio, nakata shauri. Sikukosea sana.

Wiki tano zilizopita ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Mtu anajiita daktari, anasema vidonge vya presha vinakausha damu, mgonjwa aviache, anywe maji ya moto yenye ndimu kila asubuhi. Bi Maswali, sauti ile! Hakuna mkwaruzo, hakuna upepo, hata pumzi huisikii. Nikajua hii imetoka studio ya maana. Nikaupeleka kwenye kundi la familia na maneno yangu juu yake: "Nimempima huyu, ni mtu wa kweli. Sikilizeni." Nikapata dole gumba saba. Siku hiyo nilifunga karakana nikitembea kama waziri.

Kumbe siku hizi sauti safi haina gharama. Mtu akijifunika shuka chumbani kwake, simu mkononi, anatoka amekuwa daktari. Na kila anayepokea anaweza kutuma, mimi nikiwa wa kwanza. Umeliandika hilo ukurasa wa thelathini, kwamba teknolojia mpya imemgeuza msikilizaji kuwa mtangazaji. Ukurasa huo mimi nilifika nimechelewa.

Bibi yako aliacha vidonge siku ile ile. Siku ya kumi na moja akaanguka kati ya jiko na sinki, sufuria mkononi. Hakuvunjika, Mungu ashukuriwe. Iliyobonyea ni sufuria. Zahanati, muuguzi akapima presha, akapima tena, akamwita mwenzake aje aone.

"Mama, nani kakuambia uache dawa?"

Dada akanyoosha kidole. Nilidhani anaionyesha simu mfukoni mwangu, kumbe ananionyesha mimi. Nilitamani kuingia chini ya kitanda, ila goti ndiyo hivyo.

Nimemwambia ule ujumbe ni uongo. Alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua macho. "Mtoto wewe, mwezi uliopita ulipima ukasema kweli. Leo umepima ukasema uongo. Nisubiri na kipimo cha mwezi ujao?"

Muuguzi naye amemweleza kwa upole, mara mbili. Anaitikia, anashukuru, na akifika nyumbani vidonge vinaingia kwenye kopo la majani ya chai, asubuhi anakata ndimu. Jana alipokwenda kuoga nilivihesabu. Hakijapungua hata kimoja.

Simlaumu. Mimi ndiye niliyemzoesha. Lakini nina dada mmoja tu, Bi Maswali, yule aliyenifundisha kufunga vifungo vya shati, na sasa nikisikia kitu kinadondoka jikoni kwake, moyo wangu unadondoka nacho.

Kuna jambo nimeligundua ambalo kwenye kurasa zako sikulisikia, au lilimezwa pamoja na misumari. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia bibi yako wakati wa mitihani, unaolalamika viatu vinakubana huku mtu anagonga mlango, anausikiliza kila akiosha vyombo. Na anaujibu! "Vivue basi, nani kakushika?" Wasomi wamehangaika miaka yote na nadharia, kumbe dada yangu anaongea na simu isiyomsikia, na anaiamini kuliko mimi niliyesimama mlangoni.

Mama yako hajambo, anakusalimu. Shangazi yako Mpole naye salamu, amegombana na watu wawili tu wiki hii. Fundi viatu anauliza nadharia nyingine zinakuja lini. Ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie leo leo, maana mimi simu nimeiweka kabatini hadi aibu ipungue; ukiona alama ya dole lenye gundi pembeni, ni lake. Mungu akulinde, akupe macho ya kusoma na masikio ya kutilia shaka.

Sasa nakuja kudai. Unaikumbuka saa ya ukutani ya mama yako? Uliivunja wewe kwa mpira, nikasema nimeivunja mimi kwa ngazi. Miaka kumi na mitatu naitwa Mvunja Saa. Nikiingia tu sebuleni kwake anaondoa vikombe mezani. Sijafungua mdomo. Leo nilipe: mtumie bibi yako ujumbe wa sauti, dakika moja inatosha. Mwambie ameze vidonge vyake alivyoandikiwa, na kila asubuhi umuulize kama amemeza. Usiseme nimekutuma.

Na tafadhali, usijifungie chumba kimya kama wasomi. Simama dirishani, magari yapite, ukohoe kidogo, mwenzako akorome. Ikitoka safi mno, atadhani ni yule daktari.

Nikupendaye, na ninayekudai,

Babu Fundi (Mvunja Saa)